Chini ya Paa Moja, Naivasha

Rhonda, Nakuru
14 Agosti 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu za watu watatu wenye afya, isipokuwa jino la mbele la Jannat, ambalo lilitoka Jumatatu na kumezwa pamoja na chapati. Alilia nusu saa, si kwa uchungu, bali kwa sababu hakubaki na kitu cha kukuonyesha. Naliaka hajambo, ila hii mimba ya pili imemletea kichefuchefu na hataki hata kunusa kitunguu, kwa hiyo mpishi wa nyumba sasa ni mimi. Najua unacheka.

Nakuandikia kwa sababu ya Bembea Park, ile bustani mpya ya michezo karibu na Naivasha. Ina gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, treni ya kuzunguka, na mabomba ya kuteleza hadi majini. Mwezi uliopita kampuni yetu iliitwa kukagua mota ya lile gurudumu. Kazi yangu ni lifti, unajua, lakini mota ni mota. Wenyewe walifurahi wakanipa tiketi za familia za siku mbili mwezi wa Desemba. Ni za watu wanne: mimi, Naliaka, Jannat na wewe.

Ngoja kwanza, usiikunje barua. Miaka kumi hujawahi kulala chini ya paa langu, na nikija Keringet mimi hulala kwa jirani yako Kipkemboi, kwa sababu kwenu mama mkwe na mkwe hawalali nyumba moja. Sijalalamika hata siku moja. Tukikutana shambani mimi hutazama viazi na wewe hutazama mlima. Nikikupigia simu, Naliaka huniambia unaiweka mezani na kuiangalia ikilia mpaka inyamaze. Ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani, na Kipkemboi anatubebea barua kila Alhamisi akileta viazi sokoni.

Lakini nimefikiria sana. Hoteli si nyumba yangu. Paa la hoteli ni la mwenye hoteli, na sisi sote tutakuwa wageni wake. Nimeona moja inaitwa Korongo Tower, ghorofa sita. Ghorofa ya tano kuna nyumba ya familia yenye vyumba viwili vya kulala na sebule moja katikati, na dirisha lake linatazama ziwa. Jua likitoka maji yanang'aa yote. Wewe na Jannat mtalala upande mmoja, mimi na Naliaka upande wa pili. Lifti yao naiamini, nilisaidia kuifunga.

Mama yangu mzazi alituacha Jannat akiwa na miaka miwili. Sina mama mwingine wa kumpeleka matembezi. Nataka mara moja tu tuamke sote mahali pamoja, tunywe chai kwenye meza moja. Niambie unaonaje.

Mkweo,
Salmin


Keringet
28 Agosti 2025

Baba Jannat,

Salamu zimefika na zimepokelewa. Hapa mvua imekataa kuondoka. Viazi vya shamba la chini vimeingiwa na ugonjwa wa majani. Nimepuliza dawa mara mbili na mvua imeiosha mara mbili. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa usoni. Mwambie Jannat amchagulie jina, na mwambie jino lililomezwa halijapotea, amelihifadhi ndani. Naliaka asilazimishwe kula. Mimi nikiwa na mimba yake nilikula ugali na chumvi miezi miwili, na sikukosa kufundisha darasa la sita hata siku moja.

Sasa hoteli. Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Hoja yako ni ya werevu lakini haina mashiko. Paa ni paa. Sisi tunahesabu waliolala chini yake, hatuhesabu aliyenunua mabati. Na umeniwekea sebule moja katikati! Nitoke chumbani asubuhi na kitambaa cha kulalia kichwani, nikukute umekaa na kaptula unatafuta rimoti? Na bafu je? Ziwa umelieleza vizuri, bafu hukulitaja kabisa.

Halafu kuna hiyo lifti. Nimepanda lifti mara moja maishani, Nairobi, nilipofuatilia pensheni yangu. Ni kabati. Watu husimama humo wakipumuliana shingoni. Mama mkwe na mkwe ndani ya kabati moja, ghorofa tano! Marehemu Baba Naliaka angefufuka aje anishushe kwa ngazi.

Unakumbuka Jannat alipozaliwa. Nililala wiki nzima kwa jirani yenu Kimberly, nyuma ya saluni, katikati ya nywele za bandia, na mtoto akawa analetwa kwangu asubuhi na jioni amefungwa kama mkate. Nyumba yenu ilikuwa hatua ishirini tu. Niliyaona madirisha yake kila siku. Mama yako, Mungu amlaze pema, alikuwa akiniletea sambusa pale saluni na tulicheka sana.

Nendeni nyinyi. Naivasha si ng'ambo. Mnipigie picha. Na kama kweli ni wewe uliyekagua mota ya hilo gurudumu, subirini wengine wapande kwanza.

Mama Naliaka


Rhonda, Nakuru
18 Septemba 2025

Kwako Mama,

Huku sote tunaendelea vizuri. Kichefuchefu cha Naliaka kimepungua na amerudi jikoni, akasema sufuria zote nimeziunguza. Ndama ameitwa Bembea. Nilijaribu kupendekeza majina mengine nikashindwa.

Nilimwambia Jannat kwamba wewe, Kukhu wake, hutaenda. Alifunga daftari lake la hesabu akaniambia: "Kukhu asipoenda, mimi pia siendi. Nani atanishika kwa ile wheel? Daddy, wewe huogopa height." Ni kweli, Mama. Ndani ya lifti sioni chini, kwa hiyo sina shida, lakini nikipanda hata ngazi ya kubadilisha balbu namwita Naliaka aje anishike. Tafadhali jambo hili lisifike kwa mwajiri wangu.

Kwa hiyo nimetafuta upya. Kuna mahali panaitwa Mbuni Resort. Huko hakuna ghorofa wala lifti. Ni nyumba ndogo ndogo, kila moja na paa lake, bafu lake na mlango wake. Juzi nilipita nikitoka kazini Naivasha na nikapima kwa utepe. Wewe na Jannat mtakuwa Nyumba ya 2, mimi na Naliaka Nyumba ya 9. Katikati ni mita mia moja na arobaini. Nimekuchorea ramani nyuma ya karatasi hii. Mishale ni njia ya kwenda kula. Wewe utakula saa moja asubuhi na mimi saa mbili, ili tusikutane kwenye foleni ya mayai. Bwawa la kuogelea sitalikaribia mpaka utakapokuwa umerudi Keringet.

Usijisumbue kubeba vitu vingi. Naivasha asubuhi kuna baridi, lakini niliuliza, wana mablanketi mazito na mapya. Usibebe blanketi.

Kuna jambo jingine pia, lakini hilo nitakueleza tukifika huko.

Mkweo,
Salmin


Keringet
9 Oktoba 2025

Baba Jannat,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Sina ugonjwa. Viazi vya shamba la juu vimepona, vya chini nimevifukia. Bembea ananyonya vizuri na amejifunza kula maua yangu. Msalimie Naliaka.

Mita mia moja na arobaini. Nikikohoa utaletewa habari kwa barua? Kwetu imesemwa watu hawa wawili wasilale chini ya paa moja, haikusemwa wahamie wilaya tofauti. Sijui ni nani aliyekufundisha kwamba heshima inapimwa kwa utepe. Mtoto wa miaka minane atachoka kukimbia huku na huku, na mimi nitakaa Nyumba ya 2 nikitazama paa la Nyumba ya 9 kama nilivyotazama madirisha yale kutoka saluni.

Kuhusu blanketi la hoteli, asante. Nitabeba langu. Nililinunua mwenyewe Molo, mwaka wa pili baada ya Naliaka kuolewa, na bado lina joto.

Hilo jambo jingine liandike. Habari ambayo mtu anataka kuisema mbali na nyumbani huwa si nyepesi. Naliaka kwenye simu siku hizi anaongea haraka haraka na anacheka pasipo kitu cha kuchekesha. Nimemfundisha huyo kusoma na kuandika, namjua.

Mama Naliaka


Rhonda, Nakuru
16 Oktoba 2025

Kwako Mama,

Hatujambo, na tumefurahi viazi vya juu vimepona. Jannat anauliza kama Bembea amekula maua yote au amebakisha.

Nimepata kazi Doha. Ni mkataba wa miaka miwili, lifti za majengo marefu, mshahara ambao huku siwezi kuuona. Naondoka tarehe kumi Januari, na mtoto anatarajiwa Machi. Nilikubali kabla ya kukwambia kwa sababu niliogopa ungesema nibaki, na ningebaki. Naliaka nilimwomba asikwambie mpaka mimi mwenyewe nikwambie. Usimkasirikie, nikasirikie mimi.

Sasa unajua kwa nini nimeng'ang'ania hizi siku mbili. Nataka niende nikiwa na picha moja kichwani ya watu wangu wote pamoja. Na kuna ombi kubwa zaidi ambalo nilitaka kukuomba huko nikiwa nimekupa mgongo, kwa heshima. Machi Naliaka atakuwa peke yake na Jannat na mtoto mchanga. Mimi sitakuwepo. Nyumba ikiwa haina mimi ndani, je, paa bado linahesabiwa? Ungeweza kuja kukaa naye? Kimberly amesema chumba cha nyuma ya saluni kipo, lakini Mama, miezi mitatu kwenye nywele za bandia ni mingi.

Kuhusu hoteli, naona nilikosea. Ulisema ungekaa ukitazama paa la nyumba yetu, na nikaelewa kwamba hutaki hata kuliona. Nimepata mahali pengine, Nyumba za Mgunga. Nyumba yenu iko upande wa lango na yetu upande wa ziwa, mita mia tatu, na katikati kuna ua mrefu wa michongoma. Hutaona hata bati. Mchoro uko nyuma. Nimeweka nafasi, ila wanataka jibu kabla ya Desemba.

Na kama nilisema kitu kibaya juu ya blanketi, nisamehe. Naliaka aliposoma maneno yako alienda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Nilimuuliza akasema, "Muulize Mama." Ndiyo nakuuliza.

Mkweo,
Salmin


Rhonda, Nakuru
6 Novemba 2025

Kwako Mama,

Alhamisi tatu zimepita. Kipkemboi anasema barua yangu alikupa mkononi. Nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka meza.

Kama ni Doha imekuudhi, sema. Kama ni ombi la kuja kukaa, basi sikuomba. Jannat bado anafungasha. Ameweka kwenye begi kofia yako ile aliyoiiba alipokuja kwako likizo ya Aprili, anasema utaihitaji kule juu. Nisipopata neno Alhamisi ijayo nitarudisha tiketi, na Naliaka nitamtafutia msichana wa kazi.

Nimekuwa nikijiuliza nilikukosea wapi miaka yote hii. Ningependa kujua kabla sijaondoka.

Salmin


Keringet
13 Novemba 2025

Baba Jannat,

Salamu kwanza, kwa sababu hata mtu aliyekasirika husalimia, na mimi sijakasirika. Mimi ni mzima, mbuzi ni wazima, Bembea amemaliza maua.

Jibu langu nililiandika tarehe 23 Oktoba. Leo asubuhi nilimsimamisha Kipkemboi barabarani nikamuuliza barua iko wapi. Akapekua chini ya kiti cha pikapu, akatoa bahasha yenye matope. "Aki Mwalimu, hii si nilikuwa nimeiweka mahali safe, halafu gunia ikakaa juu yake. Nisamehe tu, leo naipeleka mbio." Nilimnyang'anya. Nikaisoma upya hapo hapo kando ya barabara, na nikaona aibu. Nilikuwa nimekuandikia kwamba magoti yananiuma, kwamba Desemba nina palizi, kwamba Nakuru kuna vumbi. Hakuna neno la kweli hata moja, isipokuwa vumbi. Nimeiwashia jiko. Hii ndiyo barua.

Siku mlipokuja kuposa, mjomba wako Mzee Ubaid aliweka bahasha ya pesa mezani. Ng'ombe wamo humu, akasema, mbuzi wamo humu, na blanketi la mama limo humu. Watu wakapiga makofi kwa sababu ilikuwa saa tisa na chakula kinapoa. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani blanketi ni kitu cha kununua kama vingine. Lakini katika ukoo wetu mkwe hulileta mwenyewe, kwa mikono yake, nyumbani kwa mama. Anamfunika mabegani mbele ya watu. Wanashikana mikono, wanatazamana usoni, mbuzi anachinjwa, na kuanzia siku hiyo yule ni mtoto wake. Ataingia kwake, atakula kwake, atalala kwake. Yale mambo ya kutazama viazi na kutazama mlima ni ya muda tu, ni ya kungojea blanketi. Watu hungoja mwaka mmoja, miwili. Mimi nimengoja kumi.

Naliaka alitaka kukwambia tangu mwaka wa kwanza. Nilimkataza. Nilimwambia blanketi la kuomba silitaki, na kwamba kama unataka kuwa mtoto wangu utauliza mwenyewe njia ya kuingia. Hukuuliza. Nikafikiri ni dini yako haitaki, au ni wewe hunitaki. Nikaenda Molo nikajinunulia langu, na nililia kwenye duka la Mhindi mpaka akaniletea kiti. Bahasha ile sikuwahi kujifunika nayo usiku hata mmoja, Baba Jannat.

Na wewe, kumbe ulikuwa ukidhani mimi ndiye nisiyekutaka. Ulivyokuwa ukiongeza mita, kila mita niliihesabu. Ulipofika kwenye ua wa michongoma nilikaa chini. Nilisema, huyu sasa ananizika. Kumbe ulikuwa unanipa heshima, tena kwa bidii! Tumekuwa wajinga wawili, mimi zaidi, maana mimi ni mwalimu.

Kwa hiyo jibu la swali lako: hukunikosea. Hukuambiwa, na aliyetakiwa kukwambia alikuwa na kiburi.

Doha nenda. Ningekuwa na umri wako ningeenda, na lifti na zote. Kuhusu Machi, paa likiwa limefunguliwa kwa blanketi halina tena habari ya nani yumo na nani hayumo. Nitakuja Januari, siku chache baada ya wewe kuondoka, na nitakaa mpaka nichokwe.

Njoo Keringet Jumamosi tarehe sita Desemba. Mlete Mzee Ubaid, naye ashuhudie kilichokuwa kwenye bahasha yake. Mbuzi tafuteni huku huku, Kipkemboi ana wazuri na ana deni langu la wiki tatu za wasiwasi. Blanketi rangi yoyote isipokuwa kijivu, hiyo ni ya hospitali.

Na ile michongoma iondoe. Rudisha Korongo Tower. Ghorofa ya tano, sebule moja katikati, dirisha la ziwa. Lifti nitapanda, mradi fundi wake awe ndani pamoja nami.

Mama Naliaka


Rhonda, Nakuru
20 Novemba 2025

Mama,

Barua imefika, na leo sina salamu ndefu, nisamehe. Nilimsomea Naliaka kwa sauti nikakwama kwenye ile sehemu ya kiti cha Mhindi. Akaimalizia yeye, na yeye akakwama mbele kidogo. Jannat akatuchukulia, akaisoma yote mpaka mwisho bila shida, kisha akauliza, "Sasa mbona mnalia na amesema anakuja?"

Mzee Ubaid nilimfuata dukani kwake. Alishika kichwa. "Wallahi mimi nilidhani tunawarahisishia," akasema. "Miaka kumi huyu mama amekaa na baridi kwa sababu yangu?" Alitaka kulinunua yeye, nikakataa. Hili nitalinunua kwa mikono yangu.

Tumelinunua jana. Ni jekundu, zito, lina mistari myeusi pembeni. Muuzaji alilifungua lote mezani nikalijaribu mabegani mwa Naliaka, maana mko urefu mmoja, na tumbo lake likafunikwa pia. Korongo Tower ghorofa ya tano ilikuwa imechukuliwa. Nimepata ya sita. Chumba ni kile kile, sebule ni ile ile. Nyumba za Mgunga nimewaambia hapana, wakauliza kama kuna tatizo. Nikawaambia ua wenu ni mzuri mno.

Sijui nitakutazamaje usoni tarehe sita. Sina mazoezi. Usiponiona nikiinua kichwa mara moja, nipe muda.

Mtoto wako,
Salmin


Rhonda, Nakuru
5 Februari 2026

Salmin mwanangu,

Hii Naliaka ataipiga picha akutumie, kwa sababu Kipkemboi anakataa kufika Doha. Sote wazima. Naliaka amenenepa miguu, anatembea polepole, daktari amesema kila kitu kiko sawa. Jannat amekuwa wa tatu darasani na ameniomba nisitie chumvi nikikuhadithia, basi ni wa tatu, si wa pili. Bembea nimemwacha kwa Kipkemboi, na maua ya mke wake sasa ndiyo yanaliwa.

Nimeona kwenye simu ya Naliaka zile picha za Naivasha. Ile uliyonipiga kwenye lifti umenikata kichwa, lakini unaonekana wewe kwenye kioo, umegeukia ukutani. Hata baada ya blanketi! Nilikuambia, geuka, tumeshamaliza mambo ya viazi na mlima, na yule mzungu aliyekuwa nasi akajibana kwenye kona akidhani tunagombana. Ya gurudumu ni nzuri. Mimi na Jannat tuko juu kabisa na kofia yangu inapepea, na chini kabisa kuna kitu kidogo chenye viatu vyetu mkononi. Jannat anasema ni wewe. Kule juu aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia mota imekaguliwa na baba yako, kaa utulie.

Lakini picha ninayoitaka haikupigwa. Ni ya asubuhi ile ya kwanza, nilipotoka chumbani na kitambaa changu kichwani, nikakukuta sebuleni. Ulikuwa na kaptula. Ulikuwa unatafuta rimoti. Tukatazamana, na wewe ukasema, "Mama, umeamkaje?" kama mtu aliyesema hivyo kila siku tangu azaliwe. Mimi, unakumbuka, nikajifanya kutafuta sukari. Leo ndiyo najibu: niliamka vizuri sana.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako, kwenye kiti chako cha pale dirishani. Asubuhi naona saluni ya Kimberly kutoka huku ndani, na yeye hunipungia mkono na kupiga kelele, "Mathe, siku hizi umeniacha!" Blanketi jekundu liko kitandani. Nakuru kuna joto, kwa hiyo usiku nalitupa pembeni, na Jannat hulivuta juu yangu tena, anasema Daddy alisema. Kiti chako kina mguu mmoja mfupi. Nilitafuta kitu cha kuwekea nikapata ile ramani yako ya Nyumba za Mgunga, ile yenye mita mia tatu na michongoma. Nimeikunja mara nne. Sasa hakitikisiki.

Naliaka ameniambia huko unakula mikate mikavu na unasema umeshiba. Hatutajadili hilo kwa barua. Ijumaa ukishatoka msikitini, piga simu. Piga yangu, si ya Naliaka. Nitaishika mimi mwenyewe.

Mama yako